Chupa Isiyo na Lebo Usininyunyizie

Kabla hujaendelea, fanya kitu kimoja. Inuka, nenda pale unapoweka vitu vyako vya kujipaka. Chukua losheni, deodoranti, shampuu na marashi. Geuza kila chupa usome yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hakuna mtu husoma. Unatafuta maneno mawili tu: Butylphenyl Methylpropional.

Umeyapata? Weka hiyo chupa kando, tutaizungumzia. Hujayapata? Sawa. Lakini kama hujayapata juu chupa yako ya marashi haina maandishi yoyote, ni jina tu limeandikwa kwa kalamu kwenye stika, basi kaa vizuri. Hii ni yako hasa.

Hayo maneno mawili ni jina la lebo. Watu wa manukato wanakijua hicho kitu kwa jina la biashara, Lilial, ambalo ni la kampuni ya Givaudan ya Uswisi. BASF ya Ujerumani waliuza kiungo hicho hicho wakikiita Lysmeral. Ni harufu ya maua iliyotengenezwa maabara, na iko sokoni tangu miaka ya 1950. Kama uliwahi kunusa losheni au sabuni ya nguo ukasema "hii inanukia safi, inanukia maua", na hukuweza kusema ni maua gani, kuna uwezekano mkubwa pua yako imeshakutana nayo.

Mbona watu waliiunda? Kuna ua dogo jeupe la Ulaya, limekaa kama kengele. Wafaransa wanaliita muguet na wanapeana tarehe 1 Mei kama baraka. Linanukia vizuri ajabu, lakini ni bahili. Asumini ukiichuma unaweza kuitoa mafuta. Waridi pia. Karafuu ndio usiseme. Hili ua lenyewe, lichemshe, likamue, lifanye unavyotaka, halikupi mafuta ya kutengenezea marashi. Kwa hivyo kila chupa duniani inayosema ina harufu ya hilo ua, ni kazi ya mkemia. Lilial ilikuwa moja ya zile zilizopendwa sana kwa kazi hiyo, na ikaingia kila mahali, kuanzia marashi ya bei kali hadi sabuni ya kufulia.

Mtu wa Pwani ataelewa haraka ninachosema. Mombasa na Lamu, asumini inatungwa, kikuba kinafungwa, kilua kinavaliwa. Harufu na ua ni kitu kimoja: unaliona, unalishika, kesho limenyauka unajua limenyauka. Marashi ya chupa yalivunja huo uhusiano. Sasa unanusa ua ambalo halimo. Kitu pekee kinachoweza kukuambia kilichomo ni ile karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma. Ukiiondoa hiyo karatasi, umebaki na neno la muuzaji tu.

Sasa, najua kuna watu hapa wameshaanza kufurahi. Wale wa "niliwaambia kemikali zitatumaliza". Pole, siko upande wenu.

Kitu kuwa cha maabara si kosa. Chukua Hedione, harufu nyingine ya maua, yenye hewa ya asumini. Mkemia Edouard Demole wa Firmenich aliifikia akichunguza asumini yenyewe, na mwaka 1966 ikaingia kwa marashi ya Eau Sauvage ya Dior. Hadi leo iko kwa marashi mengi sana na haijapigwa marufuku ile ya Lilial. Zote mbili ni za maabara, zote mbili zinanukia maua, na hatima zao ni tofauti kabisa. Kwa hivyo "ni ya maabara" haikuambii chochote kuhusu usalama.

Na "ni ya asili" pia haikuambii chochote. Lile ua jeupe la Wafaransa ni sumu lote, kuanzia jani hadi tunda. Ukilila linashika moyo. Asumini yenyewe, ile halisi ya kutolewa maua, ina viwango vya juu vilivyowekwa na chama cha kimataifa cha manukato, IFRA, juu inaweza kufanya ngozi ya watu wengine iwake. Mtu akikuuzia kitu kwa sababu moja tu kwamba ni cha asili, anakuuzia neno.

Twende kwa kisa chenyewe, juu hapa ndipo kuna somo letu.

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulisema: kuna viungo 26 vya harufu vinavyosumbua ngozi za watu, na kikizidi kiwango fulani, lazima kitajwe kwa jina kwenye lebo. Kiwango chenyewe ni kidogo sana: asilimia 0.001 kwa vitu vya kupaka na kuacha, asilimia 0.01 kwa vitu vya kuosha na kusuuza. Lilial ilikuwa mmoja wa wale 26. Ndio maana hadi leo ukigeuza losheni unaona orodha ya majina kama Linalool, Limonene, Geraniol. Hayo majina hayako pale kwa hisani ya kampuni. Kuna sheria iliyowalazimisha.

Kisha, Mei 2019, kamati ya wanasayansi inayokagua usalama wa bidhaa huko, SCCS, ikatoa maoni yake ya mwisho kuhusu Lilial. Sikiza vizuri walichosema, juu ni kitu cha busara. Hawakuangalia chupa moja moja tu. Waliangalia mtu. Mtu anaamka, anaoga na sabuni yenye harufu, anaosha nywele, anapaka losheni, anapaka deodoranti, halafu anajinyunyizia marashi. Kila bidhaa ikisimama peke yake inaweza kujitetea kwamba kiasi chake ni kidogo. Lakini ngozi ni moja. Ukijumlisha zote, wakasema, haiwezi kuhesabiwa kuwa salama.

Wakati huo huo upande wa sheria za kemikali ulikuwa unaangalia majaribio ya wanyama, ambapo panya dume waliopewa kiungo hiki walipata madhara ya korodani na mbegu. Mwaka 2020 kikawekwa kundi la 1B la sumu ya uzazi: kitu kinachochukuliwa kwamba kinaweza kudhuru uwezo wa kuzaa, na kinachoshukiwa kudhuru mtoto aliye tumboni. Tarehe 1 Machi 2022, mlango ukafungwa. Si kwa bidhaa mpya tu. Hata zile zilizokuwa tayari ziko kwa rafu za maduka zilitakiwa kutolewa. Uingereza ikafuata kabla mwaka huo kuisha.

Ukifikiri zilipotea zote siku hiyo, umekosea. Umoja wa Ulaya una mfumo wa kutangaza bidhaa hatari, unaitwa Safety Gate. Mwaka 2023 na 2024 vipodozi ndivyo vilivyoongoza matangazo yake, na kitu kilichovikamatisha mara nyingi zaidi ni hiki hiki. Miaka imepita tangu marufuku, na wakaguzi bado wanavitoa madukani. Wanavipataje? Mara nyingi hawahitaji hata maabara. Wanageuza chupa, wanasoma lebo, jina liko pale.

Rudia hiyo sentensi kichwani mwako. Wanageuza chupa, wanasoma lebo.

Sasa tuje nyumbani. Tembea tao Nairobi, ingia zile jengo za vibanda vidogo vidogo. Kila ghorofa kuna mtu wa marashi ya kupimiwa. Chupa kubwa zimepangwa kwa rafu, kila moja na jina la marashi maarufu la Ulaya au Dubai. Unachagua, unapimiwa mililita, anaongeza spiriti, anatikisa, anakupa. Bei ni ya mtu wa kawaida, na mimi siwacheki: nimezinunua tangu nikiwa chuo. Ni biashara ya vijana wenzetu na inalisha watu.

Lakini hiyo chupa uliyopewa, igeuze. Nyuma hakuna kitu. Hakuna orodha ya viungo, hakuna tarehe, hakuna jina la aliyetengeneza, hakuna nambari ya simu ya kulalamika ukitokwa na upele shingoni. Kuna harufu na kuna stika. Wahenga walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na hapa lazima nijitaje, juu nikinyamaza nitakuwa mnafiki.

Mwaka jana nililipwa kutangaza marashi ya aina hiyo. Muuzaji alinipa chupa tatu na maneno ya kusema. Moja nikaisifu kwamba ni "asumini halisi, haina kemikali". Nilisema hivyo kwa uso mkavu, mwangaza mzuri, muziki wa taarabu nyuma. Watu wakaagiza. Baada ya siku mbili dada mmoja akaniandikia kwa faragha: "Niko na mimba ya miezi minne. Hii ndani iko na nini?"

Nilimuuliza muuzaji. Akaniambia, "Mwambie ni mafuta tu, haina shida." Nikamuuliza mafuta ya nini. Akasema ni ya kutoka kwa mtu wake. Nikamuuliza huyo mtu wake ana karatasi. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama nataka kazi nyingine ama sitaki.

Sikuwa na jibu la kumpa yule dada. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, na kwamba asiitumie hadi tujue. Hatukuwahi kujua. Pengine ndani hakukuwa na Lilial hata tone. Pengine ilijaa. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu: nilikuwa nimesema "haina kemikali" kuhusu kitu ambacho sikujua hata kiungo kimoja. Na kitu chenye harufu lazima kiwe na kemikali, hata asumini ya kwa bibi, juu harufu yenyewe ni kemikali inayoruka hewani.

Isitoshe, hesabu tu ingenitosha. Kupata kilo moja ya kiini halisi cha asumini unahitaji mamia ya kilo za maua, na ua moja halina uzito wowote, yanachumwa kwa mkono. Ndio maana kiini hicho ni moja ya malighafi ghali kabisa za manukato. Mtu akikuuzia "asumini halisi" kwa bei ya chipsi na soda, mmoja kati yenu hajui hesabu.

Najua majibu yatakayokuja. Wacha niyapokee moja moja.

"Hizo ni sheria za wazungu, wana muda wa kupoteza." Kwani korodani za Mkenya zimetengenezwa tofauti? Kama kitu kimetolewa kwa rafu Paris juu ya hofu ya uzazi, mimi nina haki ya kujua kama kiko kwa shingo yangu Nairobi. Sheria ya Brussels inaishia mpakani kwao. Chupa haijui mpaka. Na marashi hayaozi kama maziwa: chupa iliyotengenezwa 2020 inaweza kuwa inauzwa leo na bado inanukia vizuri.

"Ni panya tu, si watu." Hii ni hoja ya haki, na sitaikwepa. Ni kweli uamuzi ulitegemea zaidi wanyama, na viwanda vilijitetea kwamba mwili wa panya unakivunja hiki kiungo tofauti na wa binadamu. Kwa hivyo wewe unayetengeneza video ukisema "marashi haya yamefanya wanawake wawe tasa", wacha. Hakuna aliyethibitisha hivyo, na unawatisha watu wanaotafuta mtoto na wana machungu ya kutosha. Kilichosemwa ni kwamba usalama wake hauwezi kuhakikishwa, na mbadala upo. Na kweli ulikuwepo: makampuni yale yale yaliyouza Lilial yanauza viungo vingine vya harufu ya ua lile lile, Givaudan wenyewe wana Nympheal. Marashi hayakufa. Fomula zilibadilishwa, maisha yakaendelea.

"Unataka kuua biashara za vijana." Hapana. Nataka stika moja zaidi. Anayeagiza mafuta ya manukato kwa lita kutoka kwa muuzaji halali anaweza kuomba karatasi tatu: karatasi ya usalama, cheti cha viwango vya IFRA, na orodha ya vile viungo vinavyosumbua ngozi. Ni karatasi za kawaida kwa biashara hiyo, nyumba za manukato huzitoa kila siku. Muuzaji wa jumla akikwambia hana, amekujibu tayari: hata yeye hajui anachokuuzia, ama anajua na hataki ujue. Kuchapisha orodha hiyo na kuibandika ni shilingi chache. Kijana anayeweza kuchapisha jina la marashi ya Ufaransa kwa herufi za dhahabu anaweza kuchapisha viungo.

"Watu hawasomi lebo." Wengi hatusomi, ni kweli. Lakini yule mwenye mzio anasoma. Mwenye mimba anasoma. Mama wa mtoto mwenye ukurutu anasoma kila neno. Lebo imewekwa kwa ajili ya yule anayeihitaji siku anayoihitaji. Ni kama kizima moto: hujawahi kukitumia, lakini jengo lisilo nacho hulali.

Na hili si ombi la huruma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Tuna kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vipodozi, EAS 346. Tuna kingine, EAS 377, ambacho sehemu yake ya kwanza ni orodha ya vitu visivyoruhusiwa ndani ya vipodozi. Hayo yote yapo. Lakini orodha ya vitu vilivyokatazwa ina faida gani kwa mnunuzi, ikiwa bidhaa iliyo mkononi mwake haina orodha ya vitu vilivyomo? Utalinganisha nini na nini? Mkaguzi wa Ulaya anakamata kwa macho. Wetu atahitaji maabara kwa kila chupa ya kila kibanda cha kila ghorofa, na sisi sote tunajua hiyo haitatokea.

Kwa hivyo KEBS, anzieni hapo. Msianze kwa kuvamia vibanda na kubeba mali za watu kwa kamera, anzeni na wanaoingiza mafuta kwa mapipa. Hao ni wachache na wana ofisi. Lita isitoke kwao bila karatasi zake. Ikitoka na karatasi, mwenye kibanda ana cha kubandika. Isipotoka nazo, isitoke.

Na sisi watengeneza maudhui, tuwache kujifanya hatumo. Kuna wenzangu wanalipwa kusema "asili". Kuna wengine wanapata watazamaji kwa kusema "sumu". Wote wawili wanasema bila kugeuza chupa. Mmoja anauza tumaini, mwingine anauza hofu, na yule dada wa miezi minne bado hajajibiwa swali lake: hii ndani iko na nini?

Mimi nimeshabadilisha bei yangu. Ukitaka nitangaze marashi yako, kabla hatujaongea pesa nitumie picha ya nyuma ya chupa. Kama hakuna nyuma, hakuna tangazo. Nimeshapoteza kazi mbili kwa hilo, na kodi ya nyumba haijui msimamo wangu, lakini nalala.

Wewe nakuomba mambo matatu. Ukiona lile jina la Butylphenyl Methylpropional kwa chupa yako, usipige nduru, hujafa. Acha tu kuitumia na usinunue tena, hasa kama una mimba au mnatafuta mtoto. Ukienda kupimiwa marashi, uliza kwa heshima: "Ndugu, naomba kuona orodha ya viungo." Uliza hata kama unajua hana, juu akiulizwa na watu kumi kwa wiki ataanza kumuuliza aliyemuuzia. Na ukiambiwa "ni asumini halisi", cheka kidogo, kisha sema unachopaswa kusema.

Sawa. Nionyeshe nyuma.